Chumba cha Uani kwa Mama Mkunga

Mama Mkunga akiwaita kuku wake pale kwetu, chini kidogo ya mlima, kuku wa Dodoma walikuwa wanainua vichwa. Najua kuna watu watapinga. Waje Morogoro wawaulize majirani wetu, ambao hawakuwa na haja ya kununua saa, kwa sababu yeye akianza kukohoa alfajiri mtaa mzima ulijua umekucha, na akifunga mlango wa jikoni jioni hata mbwa walikwenda kulala.

Jina lake nalijua, ila sikumbuki kulitumia. Mtaa ulimwita Mama Mkunga, padri alimwita Mama Mkunga, na marehemu mumewe, mtu wa maneno machache kwa kuwa mengine yote yalikuwa yameshachukuliwa, naye alimwita hivyohivyo. Alikuwa mkunga wa serikali, akastaafu, na kustaafu kwake kulikuwa ni kuihamishia wodi nyumbani. Ukiamka unakuta wajawazito wamekaa kwenye benchi la uani wanamenya mihogo yake huku wakisubiri kupimwa. Hakuna aliyepimwa bila kumenya.

Mimi nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha mbele. Kiwanda kilichoniajiri kilipobinafsishwa, na mimi nilibinafsishwa, nikawa mali yangu mwenyewe. Nikaingia kwenye mitumba. Mchana nilikuwa mnadani, mara Dumila, mara Turiani, nimebeba balo la makoti ambayo mtu wa Morogoro hayahitaji mpaka apande milimani. Jioni nilikwenda masomo ya watu wazima, nikiwa na kipara tayari, nikakaa dawati moja na fundi cherehani mwenye wajukuu. Mama Mkunga alifurahia sana jambo hilo. Aliniita Mwanafunzi mbele ya watu, na nikirudi shuleni alinisubiri mlangoni.

"Leo mmefundishwa nini, Mwanafunzi?"

"Historia, mama. Mapinduzi ya viwanda."

"Kiwanda chako nacho kilipinduliwa. Kaa ule."

Kitu cha ajabu kuliko vyote ni kwamba mwanamke huyu, aliyeizalisha nusu ya Morogoro (nusu nyingine, alisema, walizaliwa siku zake za likizo), alikuwa anaogopa sindano. Alipopatwa na malaria kali nesi mdogo alimzungusha wodini mpaka wagonjwa wengine wakapata nafuu kwa kucheka. "Mwanangu," alimwambia akiwa nyuma ya kabati, "mimi ni wa kuchoma, si wa kuchomwa. Nipe vidonge." Nesi yule alikuwa amezaliwa mikononi mwake, kwa hiyo alimpa vidonge.

Na alikuwa mtu wa sheria. Alidai kila kitu kifuate sheria, kuanzia foleni ya bombani hadi urefu wa sketi kanisani. Wakati huohuo nyuma ya jiko lake kulikuwa na mtungi wa kangara usio na kibali cha mtu yeyote duniani. Mtendaji wa kata alikuja siku moja kuukagua, akaukagua mpaka jua likazama, akasindikizwa kwake na vijana wawili. Nilipomuuliza Mama Mkunga kuhusu hilo alinitazama kwa huruma. "Sheria ya pombe wameitunga wanaume," alisema. "Wao ndio wanaoihitaji."

Redio yake alikuwa haisikilizi. Alikuwa anazungumza nayo. Enzi hizo redio zilikuwa zimeanza kuwa nyingi, kila stesheni na miziki yake, lakini yeye kikao cha Bunge kikianza hakuna aliyegusa kile kitufe. "Sema sasa, mheshimiwa, usimung'unye," aliiambia. "Huyu naye amelala, mwamsheni." Ulipoanza kujadiliwa muswada wa makosa ya kujamiiana, ambao ndani yake kulikuwa na kifungu cha kukataza kukeketa wasichana, aliitoa redio nje akaiweka juu ya pipa ili mtaa usikie. Kabla ya kurudi kwetu alikuwa amefanya kazi zahanati moja kule barabara ya Dodoma, ambako wamehamia watu wa mikoa mingi, na baadhi yao walikuja na desturi hiyo. Alikuwa amewaona leba wanawake waliokatwa utotoni, na alichokiona hakuwahi kunisimulia chote. Alichosema ni kwamba kovu halinyooki kama ngozi, na kwamba mtoto anayetoka hajui kusubiri.

Siku sheria ilipopita alichinja jogoo, akapika pilau, akalisha mtaa. Nilikula sahani ambazo mpaka leo tumbo langu linazikumbuka kwa heshima. Aliniambia nisome gazeti kwa sauti juu ya benchi, wajawazito wakipiga vigelegele kila nilipofika kwenye neno "kifungo". Adhabu ilikuwemo, fidia kwa msichana aliyefanyiwa ilikuwemo. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwake yeye hayakuwa yamekwisha. Mbunge mmoja alifanya mkutano Dumila kuieleza sheria hiyo, naye akaenda, akasimama katikati ya watu.

"Mheshimiwa, sheria imemwona mwenye kisu. Imemwona na mtoto. Mama mwenye kovu tayari, ambaye kesho anakuja kuzaa, imemweka wapi?"

"Swali zuri sana, mama yangu. Tutalifikisha kwenye ngazi husika."

Tangu siku hiyo kitu chochote kilichopotea nyumbani kwetu kilikuwa kwenye ngazi husika. Ukiuliza chumvi, iko ngazi husika. Kodi yangu ikichelewa, alibisha hodi akauliza kama nimeshaifikisha. Na jogoo wa jirani aliyepotea, ambaye sote tulijua ameliwa wapi, aliombewa misa akiwa ngazi husika.

Lakini swali lenyewe halikuwa la utani, na mtu aliyelifanya liwe zito alikuwa Rehema.

Rehema aliuza vitunguu Dumila, karibu na mahali nilipotandaza makoti yangu. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza nyumbani, katika uchungu wa siku nzima na nusu, na yeye mwenyewe nusura amfuate. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Nilimpelekea salamu za Mama Mkunga: aje Morogoro mapema, apimwe, azalie hospitali. Alinisikiliza huku akipanga vitunguu vyake mafungu mafungu.

"Kaka, nikienda hospitali nesi ataona. Akiona ataniuliza nani alinifanya. Mimi nilifanywa na mama yangu, alfajiri, nyuma ya nyumba, hata jirani hakujua. Nikimtaja anafungwa. Nikinyamaza wataniambia naficha mhalifu. Sasa niende nikafanye nini?"

"Lakini mtoto, Rehema."

"Mtoto simjui bado. Mama yangu namjua."

Na hakuwa peke yake. Wanawake wenzake wa upande ule walikuwa wameacha kwenda kliniki tangu sheria itangazwe, kila mmoja kwa hofu hiyohiyo. Nilimpelekea Mama Mkunga maneno hayo kama nilivyoambiwa. Alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Sheria nimeipikia pilau mimi mwenyewe," alisema, "sasa inanifukuzia wazazi."

Kesho yake alivaa viatu vya kanisani akaenda kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Hakimu alimweleza vizuri kabisa kwamba sheria hairudi nyuma, kwamba jambo lililofanyika kabla haijatungwa haliwezi kumfunga mtu kwa sheria hiyo. Akarudi anang'aa, akanituma Dumila. Rehema aliuliza swali moja tu: "Hakimu anakula mshahara wa nani?" Nilirudi na jibu hilo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Mama Mkunga alikosa la kusema. Kimya kile kilikuwa kirefu kiasi kwamba majirani walikuja kuuliza kama kuna msiba.

Waliomwokoa ni bibi zake wa mlimani, nao walikuja kumgombeza.

Hawa walikuwa wanawake wa Kiluguru wakulima wa mboga, waliokuwa wakishuka siku za soko na vikapu vya karoti, njegere na ndizi vichwani, miguu yao ikishika mawe ya ile njia kama vidole vya mikono. Kwake walitua mizigo wapumzike kabla ya kufika sokoni. Siku hiyo walitua kwa kishindo. Ofisa mmoja alikuwa amepanda kwao kuielimisha jamii, akasema kwa mkupuo kwamba serikali imepiga marufuku mila mbaya za wasichana. Bibi hao mila ya wasichana waliyoijua ilikuwa moja, kumweka mwali ndani na kumtoa kwa ngoma. Kwa hiyo walishuka wote, hata wale ambao hawakuwa na cha kuuza.

"Mama Mkunga," alisema mkubwa wao, bibi mdogo wa umbo ambaye alitafuna ugoro na kutema mbali kuliko mwanaume yeyote, "tumesikia ulipika pilau mwali alipokatazwa. Tumekuja kula lililobaki."

"Shikamoo, bibi. Kaa kwanza."

"Marahaba. Sikai. Wewe ulikaa ndani, tukakucheza, tukakutoa ukiwa umenona. Leo unatukataza?"

"Mwali hajakatazwa na mtu. Kilichokatazwa ni kukata."

"Kukata nini?"

Mama Mkunga akawaeleza, kwa maneno ya waziwazi, na kwa Kiluguru ili asipotee mtu. Bibi akakaa. Wenzake wakatazamana. Mmoja alicheka, akidhani ni mzaha wa mjini, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Wanawakata wangali watoto?"

"Wengine wachanga kabisa."

"Na baada ya hapo wanawaweka ndani?"

"Wengine, kwa siku chache, wapone. Wengine wala. Huyu wa kwangu, Rehema, alikatwa alfajiri, mchana akapelekwa kuchunga mbuzi."

"Nani alimtoa?"

"Kumtoa wapi, bibi?"

"Kumtoa nje. Nani alimcheza? Nani alimfundisha, akampaka mafuta, akambeba, akamwonyesha kwa watu kwamba huyu sasa ni mtu mzima?"

"Hakuna."

Bibi alitema ugoro wake kando, taratibu, kama mtu anayemaliza hesabu. "Basi huyo bado yumo ndani," alisema. "Anauza vitunguu, ana mume, ana mimba, lakini yumo ndani. Mnamwachaje?"

Kwa hesabu ya Kiluguru hapakuwa na ubishi. Aliyeingizwa na hakutolewa, yumo. Mama Mkunga aliniambia baadaye kwamba yeye, na vyeti vyake vyote vya serikali ukutani, hakuwahi kuliona hivyo.

"Lakini, bibi," alisema, "ana mimba kubwa. Atachezwa mwali na tumbo?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Walibishana mpaka karoti zikanyauka. Mmoja alisema mwali mwenye tumbo ni aibu. Mwingine akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alitolewa akiwa na tumbo, ila lilikuwa dogo na kanga ilikuwa kubwa. Mwenye kanga alinuna, wengine wakacheka hadi wakaegemeana, na mkubwa wao akakata shauri: Rehema akae ndani sasa, azae, atolewe na mtoto mgongoni. Kisha akasema neno ambalo Mama Mkunga alilirukia kama paka: "Na akiwa ndani, sheria ni ileile. Mwali haulizwi na mtu wa nje. Hata mjomba wake hamuulizi."

Nilikuwa Dumila kabla umande haujakauka. "Rehema," nikamwambia, "kuna chumba ambacho ukikaa mtu haruhusiwi kukuuliza kitu. Si kwa amri ya hakimu. Ni kwa amri ya bibi wa Uluguru, na wale, mimi nakuhakikishia, serikali inawaogopa."

Alinitaka nirudie. Nikarudia, na kuongeza chumvi kidogo, nikasema bibi hao waliwahi kumfukuza ofisa mpaka akaacha baiskeli. Alicheka. "Mimi mwali? Na tumbo hili kama gunia?" Lakini siku chache baadaye alishuka stendi na kapu lake.

Chumba kilikuwa cha uani, kilichokuwa stoo ya mkaa. Mama Mkunga alikipaka chokaa, akaweka kitanda, pazia na picha ya Bikira Maria. Bibi walikuja kila soko. Walimlisha Rehema ndizi na maharage mpaka mashavu yakafunika macho, wakamfundisha nyimbo ambazo nilizisikia kupitia ukutani na siwezi kuziandika hapa kwa kuwa kuna watoto wanaosoma. Alicheka humo ndani kutwa. Wapita njia walidhani kuna harusi inayokataa kwisha.

Uchungu ulipoanza, Mama Mkunga alimpeleka hospitali mwenyewe, wakitembea polepole, bibi wakiwafuata nyuma na vikapu. Mlangoni mwa leba alimwambia nesi: "Huyu ni mwali wangu. Muulize kama ana kiu. Mengine yote niulize mimi." Nesi alianza kusema habari za utaratibu, akawaona wale bibi nyuma yake, akaacha. Mama Mkunga aliomba kuingia, akaruhusiwa, akasimama pembeni ya daktari akimwelekeza kovu lilivyo mpaka daktari akamwambia, "Mama, shika wewe basi." Akashika. Mtoto alikuwa wa kike, na mama yake alikuwa mzima.

Kumtoa kulikuwa ni shughuli. Rehema alipakwa mafuta, akafungwa kanga mpya, shanga kichwani. Bibi wakatangaza kwamba anayembeba begani ni mjomba, na kwa vile mjomba wake hayupo, mjomba nikawa mimi. Rehema baada ya ndizi zile hakuwa mwepesi. Nilimzungusha mtaa mzima, ngoma mbele, vigelegele nyuma, na nawaapia urefu wangu ulipungua siku ile na haujarudi. Mtoto alipokezwa mkono hadi mkono. Nilimsikia Rehema huko juu akicheka na kulia, nikaogopa kutazama nisije nikamwangusha.

Waliofuata sikuwahesabu. Walitoka Dumila, wakatoka na Turiani kwenye mashamba ya miwa. Wengine walikuja na mama zao, ambao walikaa mbali kidogo, karibu na lango, tayari kukimbia. Kijiji anachoishi Rehema kikaitisha mkutano kupitisha sheria yake ndogo, na Mama Mkunga akanipa heshima ya kuandika rasimu, mimi msomi wa jioni. Nikaandika kwa fahari: "Kwa kuzingatia na kwa mujibu wa mamlaka iliyokabidhiwa." Akasoma akiwa ameshika miwani kama kikaango.

"Mwanafunzi, mama ana uchungu, wewe bado unazingatia. Ondoa yote. Andika: mzazi mwenye kovu asiulizwe, apelekwe."

Ikapita hivyo, kwa mikono iliyonyooshwa, na wa kwanza kunyoosha alikuwa mzee mmoja ambaye kila mtu alidhani atapinga. Mkewe alikuwa amekaa karibu naye sana.

Usidhani alikuwa malaika. Sukari aliificha. Akikopa kitu alisahau, akikopwa alikumbuka hadi rangi ya mfuko. Na kanisani aliimba sauti ya tatu katika kwaya yenye sauti mbili.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa nafasi ilikuwa Dumila. Nilikuwa nimeshahamia huko, nina duka, makoti yako kwenye henga kama ya watu wa maana. Naye alikuwa mzee wa fimbo, amekuja kwa basi kumtembelea Rehema, ambaye binti yake alikuwa darasa la saba na, nashukuru kusema, mzima jinsi alivyozaliwa. Nilimkuta amekaa kibandani kwa Rehema, kwenye benchi, anawafundisha wateja kuchagua vitunguu, jambo ambalo lilikuwa linaharibu biashara.

Mama yake Rehema alikuwepo. Hili lilikuwa jipya. Miaka yote ile, Mama Mkunga akitokea, yule mama alikumbuka ana mbuzi wa kutazama. Sote tulisema anaogopa sheria. Siku hiyo hakukumbuka mbuzi. Alikaa peke yake juu ya gunia, mbali kidogo na kibanda, kama kawaida yake ya kukaa mbali na watu.

"Shikamoo, Mama Mkunga," alisema kutoka pale.

"Marahaba, mwenzangu. Sogea tuongee."

"Hapa panatosha." Akavutavuta kanga yake. "Kile chumba chako. Kinapokea wazee?"

"Wazee wa nini?"

"Tangu nilipomzaa Rehema, mkojo haukai. Nilichanika, nikapona vibaya. Ndiyo maana sikai na watu. Mnadhani nakimbia polisi."

Rehema aliacha mizani ikiwa na vitunguu vya mteja. Nilimwona anamtazama mama yake kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba aliyozaliwa. Mteja naye, Mungu ambariki, aliondoka bila kuuliza.

Mama Mkunga alijisogeza kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja. "Njoo hapa. Hilo linashonwa siku hizi, tena madaktari wanaoliweza wapo. Utalala kwangu kwanza, upate nguvu. Na usiogope, hakuna atakayekuuliza nani alikufanya."

Yule mama alinyanyuka kwenye gunia. Alikuja polepole, akakaa kwenye benchi, kwenye ncha, kisha akasogea kidogo.

"Niulize," alisema.

"Si lazima, mwenzangu."

"Najua si lazima. Mimi nataka. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Basi Mama Mkunga akamuuliza. Rehema akaja akakaa upande wa pili, na mimi nikaona ni vizuri nirudi dukani. Waliongea mpaka mabasi ya Dodoma yakapita, na ya kutoka Dodoma yakapita. Nilipotoka tena kufunga duka, yule mama alikuwa amesimama, anafunga kanga yake upya kiunoni, akaniita aniulize basi la asubuhi la Morogoro linapita saa ngapi.